Antena ya Bondeni

Katika vitu vyote vinavyowekwa juu ya nyumba, antena ya televisheni ndiyo isiyopewa heshima yake. Mabati hupakwa rangi, na tangi la maji hujengewa jukwaa imara. Lakini antena hufungwa kwa kamba kuukuu katika mti wowote uliopatikana, kisha huachiwa jua, mvua na kunguru. Walakini, msomaji, nyumba nyingi za mashambani katika nchi yetu hazipati sura ya mambo ya mbali ila kwa njia ya vyuma hivyo vichache. Nataka kukueleza habari za antena kama nilivyozijua katika bonde moja la milima ya Taita, mahali ambapo mnara u karibu na picha i mbali.

Huenda maneno hayo ya mwisho yakakushangaza. Kilele kirefu kuliko vyote katika milima ya Taita ni Vuria, chenye mita 2,208 kutoka usawa wa bahari, na juu yake imesimama minara ya kurushia matangazo ya redio na televisheni. Uwanda ulio chini, upande wa Voi, una mita 600 hivi. Ukifanya hesabu ya mviringo wa dunia utaona kwamba mtu aliye katika uwanda ulio wazi aweza kuwa umbali wa kilomita kama 140 kutoka kilele hicho, na bado pasiwe na kitu kati yake na mnara ila hewa tupu. Lakini bonde letu limejikunja nyuma ya mgongo wa mlima. Kijana mwenye miguu mizuri aweza kutoka kwetu alfajiri, akafika chini ya minara ile, akarudi kabla ya chakula cha jioni. Na kijana huyo huyo akiwasha televisheni nyumbani kwao, huona kioo cheusi. Mchungaji wa ng'ombe aliye mbali uwandani hutazama mpira. Jirani wa mnara husimuliwa matokeo.

Sababu yake si ngumu. Mawimbi ya televisheni ni ndugu wa nuru. Huenda kwa mwendo wa nuru, yaani kilomita 300,000 kwa sekunde moja, na kama nuru hupenda njia iliyonyoka. Kama vile mlima utiavyo kivuli jua linapoinama, ndivyo utiavyo kivuli cha mawimbi, ila kivuli hiki hakisogei mchana kutwa wala usiku kucha. Waliojaliwa kujenga nje yake huona. Waliorithi mashamba ndani yake hawana budi kutafuta maarifa.

Tuitazame sasa antena yenyewe, ambayo wengi kwetu huiita eriali. Ile ya kawaida hufanana na mifupa ya samaki: chuma kimoja kirefu kama uti wa mgongo, na vijiti vingi vilivyokatiza juu yake. Katika vijiti hivyo vyote, kimoja tu ndicho kilichofungwa waya wa kuingia nyumbani. Hicho ndicho kinasacho. Kilicho nyuma yake, ambacho ni kirefu kidogo, kazi yake ni kuyarudisha mbele mawimbi yaliyotaka kupita. Na vilivyo mbele, ambavyo ni vifupi kidogo, huyaongoza yaingie. Urefu wa kijiti kinasacho haukuchaguliwa kwa macho. Hutakiwa kuwa karibu nusu ya urefu wa wimbi. Gawanya 15,000 kwa megahezi za stesheni, nawe utapata nusu hiyo kwa sentimita. Stesheni ya megahezi 500 hutaka kijiti cha sentimita 30, ambao ni urefu wa rula yako ya shule. Stesheni ya megahezi 200 hutaka sentimita 75. Kwa hiyo ukipita kijijini ukaona juu ya paa antena yenye vijiti virefu kama mkono wa mtu mzima, jua kwamba ilitengenezwa kwa mawimbi marefu ya zamani. Televisheni ya siku hizi nchini Kenya huja kwa mawimbi mafupi, kati ya megahezi 470 na 690 hivi.

Mifupa hii ya samaki ilibuniwa Japani. Katika mwaka 1926 Shintaro Uda na mkuu wake Hidetsugu Yagi, wa chuo kikuu kilicho katika mji wa Sendai, walitangaza habari zake. Uda ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya majaribio, lakini Yagi ndiye aliyeandika kwa Kiingereza mwaka 1928, na dunia ikalishika jina la Yagi. Nyumbani kwao chombo chao hakikutiliwa maanani sana. Jeshi la Japani lilipoiteka Singapore mwaka 1942 liliokota maandishi ya Mwingereza mmoja juu ya mitambo ya rada, na ndani yake neno moja likawatatiza wasomaji: Yagi. Hawakujua maana yake wala namna ya kulitamka. Ilibidi mfungwa wa Kiingereza awaambie kwamba hilo ni jina la Mjapani mwenzao. Nabii hakubaliki kwao.

Mimi niliijua kazi ya antena nikiwa mtoto. Chombo chetu kilikuwa Great Wall, televisheni ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe iliyokula betri ya gari, na betri yenyewe ilikuwa haina budi kupakiwa katika matatu kwenda sokoni kuchajiwa kila ilipokufa. Jumapili ya tarehe 16 Juni 2002, saa tatu na nusu asubuhi, Senegal ilicheza na Sweden katika Kombe la Dunia. Kanisa lilikuwa na nafasi nyingi siku hiyo. Kaka yangu alikuwa juu ya paa ameshika mlingoti, na watu kama thelathini walikuwa chini wakimpa amri. "Imekuja!" "Imekwenda!" "Rudisha kidogo! Hapo hapo, usipumue!" Sweden walitangulia, Senegal wakasawazisha, na katika muda wa nyongeza Henri Camara akafunga bao lake la pili, mchezo ukaisha papo hapo kwa sheria ya bao la dhahabu iliyokuwapo wakati ule. Kusema kweli Camara hatukumwona. Tuliona chenga nyeupe zikiruka juu ya chenga nyeusi, na sauti ya mtangazaji ikatujulisha ni chenga zipi za kushangilia. Kaka yangu, aliyetuletea mabao yote matatu, hakuona hata moja.

Chenga zile si takataka tupu. Zilikuwa kelele za angani na za chombo chenyewe zilizochanganyika, na wataalamu husema kwamba sehemu yake ndogo, kama moja katika mia, ni mnururisho uliosalia tangu mwanzo wa ulimwengu. Arno Penzias na Robert Wilson waliutangaza mwaka 1965 huko Marekani, baada ya kuusikia katika antena yao kubwa na kusafisha mavi ya njiwa wakidhani ndiyo yaletayo kelele. Mwaka 1978 wakapewa tuzo ya Nobel. Basi yule mzee wetu aliyekuwa akiipiga Great Wall kofi la ubavuni ili chenga ziondoke, alikuwa akigombana na jambo kubwa kuliko alivyofikiri.

Mfumo ule wa zamani ulikuwa na wema wake ambao sikuuona ukisifiwa popote. Aliyepata mawimbi mengi aliona vizuri, na aliyepata kidogo aliona kidogo. Mawimbi marefu hujua kujipinda kidogo yanapofika ukingo wa mlima, na hayo machache yaliyojipinda ndiyo yaliyokuwa riziki ya bonde letu. Picha ilikuwa mbovu, lakini ilikuwa picha. Mwaka 2006 mataifa mengi yalipatana mjini Geneva kwamba ifikapo tarehe 17 Juni 2015 televisheni ihamie katika mfumo wa dijitali. Na mwaka 2015 mitambo ya zamani ya Kenya ikazimwa. Mimi si adui wa mfumo mpya. Masafa yaliyobeba stesheni moja sasa hubeba nyingi, na picha yake ni safi kama maji ya chemchemi. Lakini king'amuzi hakipokei picha, hupokea tarakimu. Zikifika za kutosha, huzikamilisha zilizopotea njiani na kukupa picha isiyo na doa. Zikipungua kupita kiasi fulani, hakupi nusu ya picha wala robo, hukupa giza. Hakuna tena chenga za kuvumilia. Katika siku chache bonde zima lililokuwa likiona vibaya likawa haliona kabisa, na yule wa uwandani, aliyekuwa akiona vizuri, akaona vizuri zaidi.

Miaka mitano ilipita hivyo. Wenye uwezo walinunua dishi za kulipia kila mwezi. Waliobaki, ambao ndio wengi, walirudi kwa redio. Malalamiko hayakuwa makubwa, maana mpira waweza kusimuliwa.

Hesabu haisimuliwi. Tarehe 15 Machi 2020 ilitangazwa kwamba shule zote zifungwe kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na masomo yakapelekwa hewani, kwa redio na kwa chaneli ya elimu ya taasisi ya serikali inayotunga mitaala. Jirani yetu alikuwa na binti wa darasa la nane aliyengojea mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Nilimkuta jioni moja amekaa kizingitini na redio mapajani. Mwalimu wa redioni alijitahidi sana kueleza kwa maneno matupu umbo la mistari miwili iliyokatwa na wa tatu, na binti alichora, akafuta, akachora tena, hata karatasi ikatoboka. Nilimchorea umbo lile, akalielewa mara moja. Kisha akasema, "Mwalimu, wenzangu wa Voi wanaliona kwa macho yao, na mtihani ni mmoja." Sikuwa na jibu la kumpa. Nilikuwa na antena.

Siku ya pili tulipanda mlimani na televisheni ndogo ya volti 12, king'amuzi, na betri ya pikipiki. Msomaji, ikiwa utafanya kazi hii siku moja, usiifanye kama alivyoifanya kaka yangu. Zamani ulizungusha antena na picha ikakujibu papo hapo. King'amuzi hutaka muda wa kufikiri. Fungua ukurasa wake wenye vipimo viwili, kimoja cha nguvu ya mawimbi na kimoja cha ubora wake. Zungusha antena upana wa kiganja kimoja, ngoja uhesabu mpaka kumi, soma vipimo, andika, kisha zungusha tena. Hakikisha pia vijiti vimelala au vimesimama kama vile vya mnara vilivyo. Kipimo cha nguvu kisikudanganye, kwa kuwa hupanda hata kwa kelele. Cha kufuata ni ubora. Jioni tatu tulielekeza antena upande wa Vuria, kutoka vilima vitatu mbalimbali, na katika daftari letu safu ya ubora ilikuwa sifuri kutoka juu hata chini.

Binti yule ndiye aliyegeuza shauri. Ng'ambo ya bonde kuna jabali kubwa lililo wazi, refu kupita miti yote, na watoto waendao kuchota maji hupenda kuliita kwa majina yao ili liwajibu. "Sisi tunamwita mtu aliye nyuma ya nyumba," alisema, "naye hasikii. Jabali linamwona. Kwa nini tusiliulize jabali?" Tukaigeuza antena, ikaupa mnara kisogo na kulikabili jabali. Tulihesabu kumi. Ubora ulionyesha 31. Tulisogea juu kidogo, kwenye kilima chembamba kisicho na miti, ukafika 58, na mbele yetu akatokea mwanamke amesimama kando ya ubao, anafundisha sayansi. Binti hakushangilia. Aliketi chini kwenye majani akafungua daftari.

Sasa nikueleze shida iliyobaki, ambayo haikuwa ya mawimbi. Kilima kile kilikuwa shamba la mzee mmoja, na mzee huyo na baba wa binti hawakuwa wamesalimiana tangu kesi yao ya mpaka ilipokwenda kwa chifu. Ungeweza kusema, na ivutwe kebo kutoka kilimani hata nyumbani kwa binti. Ilikuwa mita 120. Kebo ya kawaida hupoteza nusu ya nguvu ya mawimbi katika kila mita 15 au 20. Gawanya kwa mbili mara saba, utaona kwamba kingefika kama sehemu moja tu katika mia, na sisi hatukuwa na cha kupoteza. Mawimbi hayangekwenda kwa watoto. Watoto ndio wangekwenda kwa mawimbi, na mawimbi yalikuwa kwa mzee.

Nilikwenda kwake usiku ule ule. Nilipiga hodi, nikamwamkia.

"Marahaba, mwalimu," alisema. "Nimewaona mkitembeza mifupa ya samaki kilimani kwangu."

Nilimweleza habari yote. Alinisikiliza akipukuchua mahindi, wala hakuinua macho. "Mawimbi hayo yamekuwa yakipita shambani kwangu tangu lini?" aliuliza.

"Tangu minara iliposimamishwa, mzee."

"Na sijalipwa kodi hata senti." Alipukuchua gunzi zima kabla ya kusema tena. "Mtoto ni wa nani?"

Nilimwambia, ingawa alijua. Mahindi yaliendelea kudondoka katika ungo.

"Mtoto sikugombana naye," alisema mwishowe. "Kaeni katika ghala langu, liko tupu mpaka mavuno. Lakini saa moja usiku kila mtu anyamaze, nitazame taarifa ya habari. Na baba yake akitaka kuja, aje na kiti chake."

Hivyo ghala likawa darasa. Mlango uliachwa wazi, madirisha yalitobolewa katika ubao, na watoto kumi na mmoja walikaa mbalimbali na barakoa zao zilizoshonwa kijijini, kila mmoja na daftari. Masomo yalikwenda upesi, bila kungoja aliyechelewa kuandika, na ilinibidi kuyarudia baadaye kwa chaki juu ya ubao wa mlango; televisheni ni mwalimu mwenye haraka ambaye haoni mkono ulioinuliwa. Lakini maumbo waliyaona. Wiki ya pili, saa moja kasoro dakika chache, baba wa binti alitokea gizani amebeba kiti. Alimwamkia mzee, akaitikiwa, akakiweka kiti chake nje ya mlango, mbali zaidi ya vile serikali ilivyoagiza.

Huenda unajiuliza jinsi jabali lilivyoweza kutupa picha safi. Katika mfumo wa zamani jambo hili lingekuwa taabu. Wimbi linalopita kwa jabali husafiri njia ndefu zaidi. Likizidi kilomita tatu, huchelewa kwa sehemu kumi za milioni ya sekunde. Ni muda usiofaa hata kutajwa, lakini mwale uliochora picha katika televisheni za zamani ulikuwa ukikimbia kiasi kwamba katika muda huo ulikwisha kuvuka karibu sehemu ya tano ya upana wa kioo. Kwa hiyo palipokuwa na mawimbi ya moja kwa moja na ya jabali pamoja, kila mtu kiooni alikuwa na mzimu wake upande wa kulia, na mchezaji mmoja akapiga mipira miwili. Mfumo mpya hugawa tarakimu zake katika maelfu ya mawimbi madogo, kila moja likisema polepole na kunyamaza kidogo kabla ya kusema tena. Mwangwi unaochelewa huangukia katika kimya hicho, na haudhuru. Majabali kadhaa yaweza kujibu kwa pamoja, na king'amuzi kisichanganyikiwe. Mfumo ule ule uliotunyang'anya chenga zetu ndio ulioliruhusu jabali liwe mnara.

Darasa la nane lilirudi shuleni tarehe 12 Oktoba 2020, na mtihani ulifanywa mwezi wa Machi 2021. Binti alikuwa mmoja wa waliofanya, akaingia shule ya sekondari. Ghala lilirudishiwa mahindi yake, lakini antena haikushushwa, kwa sababu ya taarifa ya saa moja. Hutaka kuangaliwa. Mvua huingia katika maungio ya kebo na kuyaozesha yasipofungwa kwa mpira. Majani mabichi yaliyolowa humeza mawimbi, basi matawi yanayokua mbele yake hukatwa. Na ngurumo zikianza, kebo huchomolewa, maana mlingoti ulio peke yake juu ya kilima huita radi. Wa kwanza uliliwa na mchwa. Baba wa binti ndiye aliyekata wa pili, mkaratusi wa mita sita, akaubeba begani kuvuka mpaka mchana kweupe. Mzee aliupima kwa macho, akasema ni mfupi.